Viroboto na minyoo wa mbwa: dawa za asili zinafika wapi na zinakomea wapi

Mbwa akianza kujikuna usiku kucha, ushauri humfikia mwenye mbwa kabla ya daktari. Mmoja anasema mchanganyie kitunguu saumu kwenye chakula. Mwingine anaapia mafuta ya mwarobaini. Wa tatu anakutumia ujumbe uliokwisha kupita kwenye simu za watu wengi, unaodai kwamba kiganja kimoja cha mbegu za maboga kinasafisha tumbo lote. Na hakosekani anayekuja juu kwamba hayo yote ni upuuzi mtupu na bila kidonge hakuna kinachofanyika.

Mabishano haya hayaishi kwa sababu yanaanzia pabaya. Watu wanauliza: asili au kemikali? Swali la kwanza lilipaswa kuwa: huyu mdudu ninayepambana naye yuko wapi? Yuko kwenye manyoya, kwenye matandiko ya mbwa, au ndani ya utumbo? Njia za nyumbani zina nguvu kubwa nje ya mwili wa mbwa, na nguvu hiyo inapungua kadiri unavyoingia ndani. Ukiishika tofauti hiyo, ushauri mwingi unaozunguka utaweza kuupima mwenyewe.

Tujue kwanza tunazungumzia nini

Kiroboto ni mdudu wa kahawia mwenye urefu wa milimita 2 hadi 3. Hana mabawa, mwili wake umebanwa ubavuni ili apenye kati ya nywele, na ukimfukuza huruka. Anaishi juu ya mbwa na kunywa damu. Usimchanganye na kupe, ambaye ni wa ukoo wa buibui, haruki, hujishikiza mahali pamoja na kuvimba kwa damu. Dawa ya mmoja si lazima imguse mwingine. Anayesumbua mbwa wengi duniani, ajabu yake, ni yule anayejulikana kama kiroboto wa paka, Ctenocephalides felis. Kwa hiyo nyumba yenye mbwa na paka ikimtibu mmoja tu, imefanya nusu ya kazi.

Minyoo nao si aina moja. Wako wa mviringo (Toxocara canis), weupe na warefu kama tambi, ambao ndio hasa wanaofanya tumbo la mbwa mchanga lifure. Wako wa safura, wadogo, wanaong'ata ukuta wa utumbo na kunyonya damu. Wako tegu, bapa, wenye mwili wa vipande vinavyokatika kimoja kimoja. Wako pia minyoo mjeledi, na wale wa moyo, wanaoletwa na mbu na wasiokaa tumboni kabisa. Anayekuuzia "dawa ya minyoo wote" iwe ya majani au ya kiwandani, muulize ni wote wepi.

Na nikisema dawa ya asili hapa, nina maana ya mmea, mafuta, udongo, chumvi au kitu cha jikoni kinachotumiwa badala ya dawa iliyopimwa dozi yake kwa mbwa.

Viroboto usiowaona

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Viroboto wakubwa unaowaona wakikimbia kwenye tumbo la mbwa ni takriban asilimia 5 tu ya viroboto wote walioko nyumbani. Karibu nusu ni mayai, kama asilimia 35 ni mabuu, na waliobaki wamejifungia ndani ya vifukofuko wakisubiri kutoka. Jike mmoja anaweza kutaga mayai 40 hadi 50 kwa siku, na huanza siku moja au mbili tu baada ya kunywa damu kwa mara ya kwanza. Mayai hayo hayanati. Yanadondoka kila mbwa anapotembea, anapojitikisa, na zaidi ya yote anapolala.

Mabuu wakianguliwa huikimbia nuru na kujichimbia kwenye nyufa za sakafu, chini ya zulia, ndani ya pindo za godoro. Chakula chao ni kinyesi cha wazazi wao, yaani damu iliyokauka inayodondoka pamoja na mayai. Kisha hujisokotea kifukofuko, na humo kiroboto anaweza kusubiri miezi kadhaa mpaka ahisi joto, mtikisiko au pumzi ya kiumbe. Ndiyo maana watu hurudi kwenye nyumba iliyokaa tupu na kuvamiwa siku ya kwanza.

Sasa fikiria mtu anayempaka mbwa mafuta kila Jumamosi na kumrudisha kwenye godoro lilelile. Anadeki sakafu huku bomba bado linavuja. Hata mafuta yake yangekuwa na nguvu ya kuua kila kiroboto aliyeko mwilini, wiki ijayo wapya wangekuwa wametoka kwenye vifukofuko. Naye atasema dawa imeshindwa, au viroboto wamekuwa sugu, ilhali hakuwahi kuwagusa walio wengi.

Kabla ya yote, hakikisha kama kweli ni viroboto. Chukua kitana chenye meno ya karibukaribu, uchane mgongoni karibu na mkia na kwenye mapaja, kisha ukung'ute kitana juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa. Ukiona chembe nyeusi kama vumbi la pilipili manga, subiri kidogo. Vumbi la kawaida litabaki jeusi. Kinyesi cha kiroboto kitaanza kuyeyuka na kuacha duara la rangi ya kutu, kwa sababu ni damu ya mbwa wako. Kipimo hiki kinakutosha hata kama hujamwona kiroboto hata mmoja.

Mahali ambapo njia za nyumbani zinashinda

Kitana hichohicho ni dawa. Kuchana kila siku na kuwatumbukiza viroboto kwenye bakuli la maji yenye sabuni kunapunguza idadi yao kweli. Sabuni ina kazi maalumu hapo: maji matupu yana ngozi juu inayoweza kumbeba kiroboto, ila sabuni huivunja ngozi hiyo naye akazama. Kuogesha mbwa kwa sabuni laini huondoa wengi waliopo siku hiyo. Hakumkingi na wa kesho, lakini kwa mbwa aliyejaa viroboto ni nafuu ya haraka.

Matandiko yafuliwe kwa maji ya moto, nyuzi 60 au zaidi, kila wiki. Sakafu ifagiliwe au ifyonzwe vumbi kila siku kwa wiki kadhaa, hasa kwenye pembe na chini ya viti, na uchafu utolewe nje mara moja. Mtikisiko wa mashine ya kufyonza vumbi una faida ya ziada: huwashtua waliomo kwenye vifukofuko watoke, na wakishatoka wanaweza kufikiwa. Jua nalo lisidharauliwe. Mayai na mabuu hukauka upesi pakiwa na joto na unyevu mdogo, kwa hiyo godoro la mbwa lililoanikwa juani limepata tiba kuliko lililopuliziwa marashi ya mimea.

Udongo wa diatomu, unga mweupe unaotokana na mabaki ya mimea midogo ya majini, nao hufanya kazi, kwa masharti. Unakwaruza na kufyonza nta inayofunika mwili wa mdudu mpaka akauke. Ukilowa haufanyi lolote. Vumbi lake si zuri kwa mapafu ya mbwa wala ya mtu, kwa hiyo hunyunyizwa kidogo kwenye nyufa na kufagiliwa, si kumwagwa juu ya mnyama. Chumvi laini kwenye zulia inafuata mantiki hiyohiyo ya kukausha, ila mbwa akiiramba kwa wingi inamdhuru.

Mwarobaini una azadiraktini, kiini kinachovuruga ukuaji wa wadudu na kuwafanya wasile. Hilo si hadithi. Lakini kuvuruga ukuaji ni kazi ya polepole, na mafuta ya chupa moja hayana nguvu sawa na ya chupa nyingine. Yaliyozimuliwa vizuri yanaweza kusaidia kufukuza. Yakiwa mazito huwasha ngozi, na mbwa hujiramba, kwa hiyo chochote unachompaka kihesabu kwamba kitaishia tumboni. Siki ya tufaha haiui viroboto. Huenda wasiipende harufu yake, ila mwenye njaa hula tu.

Mahali ambapo asili inaua mbwa

Watu wanaposema "si kemikali, haiwezi kudhuru", hapo ndipo ninapopoteza uvumilivu. Mwaka 1992 majarida ya tiba ya wanyama yaliripoti mbwa aliyepakwa mafuta ya mnanaa mwitu ili kufukuza viroboto, akafa ndani ya siku mbili kwa kuharibika ini. Mafuta ya mti-chai wa Australia yana orodha ndefu zaidi: mapitio yaliyochapishwa 2014 yalikusanya visa 443 vya mbwa na paka vilivyotokea kati ya 2002 na 2012 kutokana na mafuta hayo yasiyozimuliwa. Wanyama walitokwa udende, wakalegea miguu, wakatetemeka. Wengi wa wenye wanyama hao walikuwa wameyapaka makusudi, wakiamini wanatibu.

Paka ni dhaifu zaidi, kwa kuwa ini lake halina uwezo wa kutosha wa kuvunja viini vya mafuta hayo. Ukimpaka mbwa na paka akalala ubavuni mwake, umempaka paka.

Mafuta ya taa na oili chafu vimo kwenye ushauri wa kila siku ingawa si vya asili hata kidogo. Huunguza ngozi, na mbwa akivuta mvuke au kuramba, hupata homa ya mapafu isiyotibika kirahisi. Viroboto hufa, ni kweli.

Kitunguu saumu kinahitaji maneno zaidi, maana ndicho kinachopendekezwa kuliko vyote. Kiko kwenye ukoo mmoja na kitunguu maji, na wote wana viini vya salfa vinavyoshambulia chembe nyekundu za damu ya mbwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Hokkaido, Japani, walichapisha mwaka 2000 matokeo ya kuwapa mbwa maji ya kitunguu saumu kwa siku 7, kiasi kinacholingana na gramu 5 za kitunguu kwa kila kilo ya mbwa. Chembe nyekundu ziliharibika zikaonekana kwenye darubini, ingawa hakuna mbwa aliyefikia upungufu wa damu wa kutisha. Hicho ni kiasi kikubwa, na watetezi wa kitunguu husema kidogo hakina neno. Pengine. Lakini faida yenyewe iko wapi? Hakuna ushahidi imara kwamba mbwa aliyekula kitunguu saumu anaumwa na viroboto wachache. Na mbwa mwenye viroboto wengi au minyoo wa safura tayari anapoteza damu. Kumwongezea kitu kinachovunja chembe zilizobaki ni hesabu mbaya.

Minyoo: vita viko mahali pengine

Kiroboto unaweza kumtoa kwa kitana. Mnyoo anaishi ndani ya utumbo na ameumbwa asimeng'enywe pamoja na chakula. Kitu cha kumuua lazima kimfikie kikiwa na nguvu ya kumtosha yeye na isiyotosha kumdhuru mbwa, na nafasi kati ya viwango hivyo viwili ni finyu. Mimea hailimwi kwa kiwango kimoja: mti huu una kiini kingi, ule kidogo, majani ya kiangazi si ya masika. Tumbaku ni mfano mzuri kwa ubaya wake. Nikotini inaua minyoo kwelikweli, na inaua mbwa pia. Pakanga nayo, iliyosifiwa kwa minyoo tangu zamani, baadhi ya jamii zake zina thujoni, kiini kinacholeta degedege.

Mbegu za papai na za maboga zinastahili kusikilizwa kwa haki, kwa sababu hazikutoka hewani. Utafiti mdogo uliochapishwa 2007 uliwahusisha watoto 60 wa Nijeria: nusu walipewa unga wa mbegu za papai zilizokaushwa pamoja na asali, nusu asali peke yake. Kinyesi cha 23 kati ya 30 wa kundi la kwanza kilisafika vimelea, ukilinganisha na 5 kati ya 30 wa kundi la pili. Ni matokeo ya kutia moyo. Ila walikuwa watoto, si mbwa, wenye vimelea vya binadamu, na sitini ni wachache mno kujengea dozi ya mnyama mwingine. Mbegu za maboga zina kukabitini, kiini ambacho maabara zimeonyesha kinalegeza tegu. Kulegeza si kuua. Tegu anaweza kupoteza nusu ya mwili wake, kichwa kikabaki kimeng'ang'ania ukuta wa utumbo, na mwili ukaota upya.

Ndiyo maana "nilimpa, nikaona minyoo wakitoka" si ushahidi kama unavyoonekana. Vipande vya tegu hutoka kila siku hata usipompa kitu: utaviona karibu na mkia, vyeupe, vikichezacheza, kisha vikikauka vinageuka njano na kufanana na punje za mchele. Kitu chochote kinachomharisha mbwa kitatoa pia minyoo kadhaa wa mviringo. Waliotoka unawahesabu. Waliobaki huwaoni. Kipimo cha kweli ni kinyesi chini ya darubini, kabla na baada.

Udongo wa diatomu uliosifiwa hapo juu hauna kazi tumboni, kwa sababu iliyokwisha kutajwa: tumboni ni majimaji.

Je, njia za nyumbani hazina nafasi kabisa kwenye minyoo? Zinayo, tena kubwa, lakini ni kwenye kukinga. Mayai ya minyoo wa mviringo yakitoka kwenye kinyesi hayaambukizi papo hapo. Yanahitaji wiki mbili hadi nne kukomaa, na baada ya hapo yanaweza kukaa kwenye udongo kwa miaka. Anayezoa kinyesi kila siku amevunja mzunguko kwa koleo, bila tone la dawa. Wa safura hukomaa upesi zaidi, ndani ya siku chache, na mabuu wao hupenya hata ngozi ya mguu wa mtu anayetembea pekupeku. Ini na mapafu mabichi ya kondoo au mbuzi yasitupwe kwa mbwa, kwa sababu humo ndimo anamopatia tegu mdogo sana, Echinococcus granulosus, ambaye vipande vyake huwezi kuviona kwa macho na ambaye kwa binadamu hujenga malengelenge makubwa kwenye ini na mapafu.

Halafu kuna fundo linalounganisha mada hizi mbili. Tegu wa kawaida wa mbwa, Dipylidium caninum, huingia kupitia kiroboto. Buu la kiroboto hula mayai ya tegu, buu linakua, mbwa anajitafuna kwa muwasho, anammeza kiroboto, na tegu mpya anaanza. Mtu anampa mbwa kidonge kizuri kabisa cha prazikwanteli, tegu anakufa, wiki tatu baadaye punje za mchele zimerudi. Analaumu kidonge. Kumbe viroboto walibaki.

Asili iliyomo ndani ya dawa

Wanaoogopa kemikali hushangaa wakijua zilikotoka. Piretrini, moja ya dawa za zamani za viroboto, hutoka kwenye maua ya pareto. Permethrini iliundwa kwa kuiiga, na hiyo ni sumu kali kwa paka. Spinosadi, dawa nyingine ya viroboto, inatokana na bakteria wa udongo aliyepatikana kwenye visiwa vya Karibi mwaka 1982. Ivamektini, dawa ya minyoo, inatokana na bakteria wa udongo wa Japani aliyegunduliwa na Satoshi Ōmura, na William Campbell akaiendeleza. Wawili hao walipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2015, wakigawana na Tu Youyou wa China aliyetoa dawa ya malaria kwenye mmea wa jamii ya pakanga.

Tofauti kati ya pakanga la shambani na dawa hiyo ni kipimo: kiini kimetengwa, kimehesabiwa, kimejaribiwa. Na kipimo kikikosewa, dawa ya dukani nayo inageuka sumu. Ivamektini ya ng'ombe kwa mbwa ni hatari kwa sababu imekolezwa mno, na mbwa wa jamii ya collie wengi wana kasoro ya kurithi inayoiruhusu kuingia kwenye ubongo.

Mengine kwa ufupi. Sukari na maziwa havileti minyoo, mayai na mabuu ndiyo yanayoleta. Mbwa anayeburuza matako chini mara nyingi ana tezi zilizojaa kando ya njia ya haja kubwa, si minyoo. Nyumba safi hupata viroboto. Na kinyesi kisichoonekana kuwa na minyoo hakithibitishi kwamba hawamo.

Watoto wa mbwa wana kanuni zao. Mabuu wa minyoo wa mviringo hulala ndani ya misuli ya mama, huamka akiwa na mimba na kuvuka hadi kwa watoto tumboni, na wa safura hupitia kwenye maziwa. Kwa hiyo mtoto huzaliwa nao hata kama mama anaonekana mzima, na ndiyo sababu madaktari huanza dawa akiwa na wiki 2, wakarudia kila baada ya wiki 2 hadi afikishe 8, kisha kila mwezi mpaka miezi 6. Mbwa mkubwa hupewa dawa au kupimwa kinyesi kila baada ya miezi mitatu hivi.

Mwili wa mtoto una damu kidogo, na viroboto peke yao wanaweza kuimaliza. Mfunue mdomo utazame fizi. Za waridi ni salama. Zikiwa zimepauka au nyeupe, acha mbegu, majani na mafuta yote. Mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo, ukiwa na kinyesi kibichi kwenye kichupa na uzito wake kwa kilo, kwa kuwa dozi zote huhesabiwa kwa uzito.